Kipimo cha Mtu: Falsafa ya Posthumanizimu na Mwanafunzi Aliye Tofauti

Utangulizi

Walimu tunapokutana kuzungumza juu ya mbinu za kufundisha, maswali yetu mengi huwa ya namna ya kutenda. Tuandae vipi somo? Tuutumie vipi ubao? Tupime vipi maendeleo ya wanafunzi? Maswali hayo ni ya lazima, wala hatukusudii kuyabeza. Lakini liko swali jingine linaloyatangulia yote, nalo huulizwa mara chache: mwalimu anapoketi usiku kuandika andalio la somo la kesho, ni mwanafunzi yupi anayemwona akilini mwake? Ana macho ya namna gani, na masikio ya namna gani? Anafikaje shuleni, na anaishikaje kalamu?

Katika makala haya tunakusudia kulijadili swali hilo kwa msaada wa falsafa moja ambayo tangu miishoni mwa karne iliyopita imezungumzwa sana katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, nayo huitwa posthumanizimu. Kwa maneno mepesi, ni falsafa inayoutilia shaka ule mfano wa Binadamu uliowekwa na wanafikra wa Ulaya kuwa kipimo cha viumbe vyote, na inayouliza tuishi na tufikiri vipi baada ya kuuacha mfano huo. Msomaji asitishwe na jina. Tutaonyesha kwamba jambo linalojadiliwa humo limo ndani ya madarasa yetu, na hata ndani ya sarufi ya lugha yetu. Tutaonyesha pia kwamba si kila linalosemwa na falsafa hiyo lafaa kupokelewa na mwalimu wa huku kwetu.

Binadamu wa Mchoroni

Mnamo mwaka 1490 hivi, Leonardo da Vinci wa Italia alichora picha ya mwanamume aliyenyoosha mikono na miguu ndani ya duara na mraba. Wengi wetu tumeiona picha hiyo katika vitabu vya sayansi na vya afya. Mwanamume yule ni mzima wa viungo, ni mwenye nguvu, ni Mzungu, na vipimo vyote vya mwili wake vinawiana. Mwanafalsafa Rosi Braidotti, katika kitabu chake juu ya posthumanizimu kilichotoka mwaka 2013, aliutumia mchoro huo kueleza hoja yake, kwamba huyo aliyeitwa "Binadamu" hakuwa binadamu wote. Alikuwa mtu wa jinsi moja, wa rangi moja na mwenye mwili wa aina moja, akapewa cheo cha kuwa kipimo. Wengine wote, yaani wanawake, watu waliotawaliwa na watu wenye ulemavu, walisimamishwa kando yake wakaonekana wamepungua.

Kabla ya hapo, mwaka 2003, Sylvia Wynter, mwanafikra mwenye asili ya Jamaika, alikuwa amekwisha kutoa hoja iliyo jirani na hiyo: kwamba nchi za Magharibi zilichukua namna yao moja ya kuwa mtu zikaitangaza kuwa ndiyo utu wenyewe. Sisi tuliotawaliwa hatuhitaji kusomewa hoja hiyo kwa kirefu. Babu zetu waliisikia maishani kabla haijaandikwa vitabuni. Jambo tunalohitaji kukumbushwa ni jingine: kwamba mtu aliyewahi kupimwa kwa kipimo cha dhuluma aweza naye kukiokota kipimo kilekile na kumpimia mwenzake.

Mwanafunzi wa Wastani

Mchoro peke yake haumdhuru mtoto. Madhara huja pale mfano unapogeuzwa kuwa tarakimu, na tarakimu zikageuzwa kuwa utaratibu. Mwaka 1835 Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji, alichapisha kitabu kilichomweleza "mtu wa wastani". Kwake yeye wastani haukuwa hesabu tu, bali ulikuwa mfano wa ukamilifu, na kila aliyekuwa mbali nao alihesabiwa kuwa mfano wa kosa. Miaka 48 baadaye, mwaka 1883, Mwingereza Francis Galton alibuni jina la eujeniki, yaani elimu iliyodai kuboresha kizazi cha watu kwa kuchagua nani azae na nani asizae. Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon wa Ufaransa walitunga mtihani wa akili kwa nia njema ya kuwatambua watoto waliohitaji kusaidiwa zaidi shuleni. Ulipovuka bahari ukafika Marekani, mtihani huo uligeuzwa kuwa chombo cha kuwatenga watu. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilihalalisha sheria ya jimbo la Virginia iliyoruhusu kuwafunga uzazi kwa nguvu watu waliodhaniwa kuwa na upungufu wa akili. Kule Ujerumani, kati ya mwaka 1940 na Agosti 1941, serikali ya Wanazi iliwaua kwa gesi wagonjwa na watu wenye ulemavu zaidi ya 70,000. Njia ndefu hiyo ilianza na hesabu ya wastani iliyogeuzwa kuwa kipimo cha thamani ya mtu.

Je, huyo mtu wa wastani yupo? Mwaka 1950 Jeshi la Anga la Marekani lilipima miili ya marubani 4,063, kwa sababu chumba cha rubani kilikuwa kimetengenezwa kwa vipimo vya wastani na ajali zilikuwa nyingi. Mtafiti kijana, Gilbert Daniels, alichagua vipimo 10 vya mwili, akatafuta ni marubani wangapi walio karibu na wastani katika vyote. Jibu alilolitoa katika ripoti yake ya mwaka 1952 lilikuwa fupi: hakuna hata mmoja. Kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya kila mtu hakikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya mtu yeyote. Jeshi likaacha kumtafuta rubani wa kukifaa kiti, likadai kiti kinachoweza kurekebishwa kikamfaa rubani. Yafaa ikumbukwe kwamba jeshi halikufanya hivyo kwa huruma. Lilifanya hivyo ili ndege zisianguke.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Wakati mmoja, tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wetu, tuliingia katika darasa la nne ambamo mwanachuo mmoja alikuwa akifundisha Maarifa ya Jamii. Kila alichokiandika ubaoni alikitamka kwa sauti, neno kwa neno, na kila mchoro aliuchora huku akiueleza: mto huu unatoka kaskazini, unapinda hapa, unaingia ziwani hapa. Katika fomu ya tathmini tuliandika kwamba anapoteza muda kwa kurudiarudia, tukampunguzia alama. Somo lilipokwisha alitueleza kwa adabu kwamba katika safu ya pili alikaa mtoto mwenye ualbino ambaye hakuweza kuyaona maandishi ya ubaoni. Tulikuwa tumekaa nyuma ya mtoto huyo kwa dakika 40 bila kumwona, kwa sababu fomu yetu haikuwa na mahali pa kumwonea. Zaidi ya hayo, tulipoyapitia madaftari, tuliona kwamba ramani za darasa zima zilikuwa sahihi kuliko za darasa la jirani. Alama tulizirudisha. Fomu ile ilitumika miaka mingine miwili.

Sarufi Yetu Inasema Nini?

Wanafalsafa tuliowataja waliandika kwa lugha za Ulaya. Sisi tunayo lugha yetu, nayo ina neno la kusema juu ya jambo hili. Mzizi -tu ni mmoja. Ukiuvika kiambishi m- unapata mtu. Ukiuvika ki- unapata kitu. Ukiuvika u- unapata utu. Ukiuvika ji- unapata jitu, yule wa hadithi za kutisha watoto. Mzizi haukubadilika. Kilichobadilika ni kile kilichobandikwa mbele yake na msemaji.

Sasa tutazame majina tuliyorithi ya watu wenye ulemavu: kipofu, kiziwi, kilema, kiwete, kibeti. Yote yamewekwa katika ngeli ya ki-vi, ngeli ya viti na visu. Ni kweli kwamba kiongozi na kijana nao wamo humo, kwa hiyo tusiharakishe kusema kwamba kila ki- ni tusi. Hata hivyo, wengi waliliona jina kilema kuwa zito, likaja mlemavu, na baadaye mtu mwenye ulemavu, ambapo neno mtu hutamkwa kwanza. Wasioona walikiita chama chao Chama cha Wasioona Tanzania. Viziwi, kwa upande wao, walikiita chao Chama cha Viziwi Tanzania, wakalishika jina la zamani bila haya. Somo tunalolipata hapo ni kwamba mwenye haki ya kuchagua jina ni yule anayeitwa kwa jina hilo.

Lakini lipo jambo la ajabu zaidi. Ingawa jina kipofu limo katika ngeli ya vitu, upatanisho wake haumo humo. Hatusemi "kipofu kile kimefika". Tunasema "kipofu yule amefika". Atakayesema kimefika atakuwa ametukana, na kila mtu aliyeko barazani atajua kwamba ametukana. Jina laweza kumteremsha mtu, lakini sentensi nzima humwinua tena. Tena upatanisho huohuo twampa mnyama: ng'ombe yule amefika, ndege yule ameruka. Ukuta ambao wanafalsafa wa Ulaya walitumia karne nyingi kuujenga kati ya mtu na viumbe wengine wenye uhai, na ambao posthumanizimu sasa inajitahidi kuubomoa, katika upatanisho wa Kiswahili haukujengwa.

Tusijisifu mno, kwa kuwa sarufi njema haikutuzuia kutenda uovu. Tangu miaka ya 2000 nchi yetu ilitiwa aibu na mauaji ya watu wenye ualbino, waliowindwa kwa ajili ya viungo vyao. Kwa miaka mingi ilikuwa imesemwa, hata na wazazi mbele ya watoto, kwamba watu hao hawafi bali hupotea. Maneno hayo yalidhaniwa kuwa mzaha tu. Lakini asiyekufa si mtu, na kisicho mtu ni kitu, na kitu chaweza kukatwa na kuuzwa. Watoto wengi walilazimika kuondolewa vijijini kwao na kukusanywa katika shule zenye ulinzi, kama vile Buhangija kule Shinyanga, ili wabaki hai. Walitengwa na wenzao kwa sababu sisi, watu wazima, tulishindwa kuwahakikishia kwamba njia ya kwenda shule ya kijijini ni salama.

Tunapotofautiana na Falsafa Hiyo

Yako mambo mawili ambayo mwalimu anapaswa kuyaangalia kwa tahadhari.

La kwanza ni kuwachanganya wanaotaka kumwacha Binadamu wa mchoroni na wale wanaotaka kumkamilisha. Hao wa pili huitwa watetezi wa transhumanizimu, nao hutumaini kwamba sayansi itamwondolea mtu udhaifu wote. Neno hilo lilitangazwa mwaka 1957 na Julian Huxley, mtaalamu wa biolojia wa Uingereza. Walimu wa Afrika Mashariki wanayo sababu ya kumkumbuka: mwaka 1929 alizunguka nchi zetu kuishauri serikali ya Uingereza juu ya ufundishaji wa biolojia katika shule za Waafrika, na mwaka 1946 akawa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa UNESCO. Alikuwa pia mtetezi wa eujeniki, na kuanzia mwaka 1959 alikuwa rais wa chama cha eujeniki cha Uingereza. Anayeota mtu asiye na dosari hana budi kuulizwa atawafanyia nini wenye dosari wakati ndoto yake haijatimia. Braidotti na wenzake wanaikataa ndoto hiyo, na katika hilo tuko pamoja nao.

La pili ndilo gumu zaidi. Mwaka 1985 Donna Haraway wa Marekani aliandika makala mashuhuri akisema kwamba sisi sote tumekuwa viumbe mseto wa mwili na mashine. Ni kweli kwamba hakuna mtu aishiye kwa mwili wake mtupu. Miaka 40 kabla yake, mwaka 1945, Maurice Merleau-Ponty wa Ufaransa alikuwa amekwisha kueleza kwamba fimbo ya asiyeona si kitu kinachoguswa naye. Ni sehemu ya kugusa kwake, na ncha yake imekuwa kama ncha ya kidole. Lakini watu wenye ulemavu wenyewe wamelalamika, na kwa haki, kwamba wanafalsafa huutaja mguu wa bandia kama fumbo zuri bila kuuliza unauzwa kwa bei gani, au unaumiza wapi. Tena yuko atakayeuliza: vipi mniambie kwamba zama za mtu zimepita, ilhali mimi sijahesabiwa bado kuwa mtu? Mtoto aliyelazwa nyuma ya ukuta wenye mlinzi ili asiuawe hawezi kufarijiwa kwa kuambiwa kwamba utu umepitwa na wakati.

Dan Goodley, mtaalamu wa Uingereza, pamoja na wenzake, wameonyesha njia tunayoiona kuwa ya busara. Wanasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufanya mawili kwa pamoja: kudai mahali pake miongoni mwa watu, na papo hapo kukihoji kipimo kilichomfungia mlango. Sisi twasema kwamba mwalimu naye ayafanye yote mawili. Aukatae mchoro, lakini asiuachilie utu.

Mambo ya Kutenda Darasani

Kwanza, kila kinachoandikwa ubaoni kisomwe kwa sauti, na kila kinachosemwa kwa mdomo kiwe na kitu cha kuonekana au kushikwa. Mbinu hiyo haimfai asiyeona na kiziwi peke yao. Inamfaa aliyesinzia, aliyechelewa, na ambaye Kiswahili si lugha ya nyumbani kwao.

Pili, vifaa vya mwanafunzi vihesabiwe kuwa sehemu yake. Fimbo nyeupe isifungiwe ofisini "isije ikapotea". Kofia ya mtoto mwenye ualbino isivuliwe mstarini kwa kisingizio cha sare, wala asisimamishwe juani kwa saa nzima. Akae mbele, lakini asielekezwe dirishani, kwani mwanga mkali humwumiza macho. Anayesoma kwa nukta nundu apewe meza pana na muda zaidi wa mtihani, kwa kuwa maandishi yake huchukua nafasi kubwa na kidole hakipiti juu ya ukurasa kwa mwendo wa jicho.

Tatu, lugha ya alama iheshimiwe kuwa lugha. Mwaka 1880, katika mkutano wa Milan, walimu waliokuwa karibu wote ni watu wanaosikia waliazimia kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema kwa mdomo, na ishara zikapigwa marufuku katika shule nyingi za Ulaya na Marekani. Ilikuwa hadi mwaka 2010, katika mkutano wa Vancouver, azimio hilo lilipokataliwa na majuto yakatamkwa. Ilipita miaka 130. Mwalimu asiyejua lugha ya alama na ajifunze walau salamu na majina ya masomo, na darasa zima lijifunze pamoja naye.

Nne, mwanafunzi anayemwongoza mwenzake asigeuzwe kuwa mtumishi, wala anayeongozwa asigeuzwe kuwa mzigo. Kila mmoja awe na siku ya kuongoza katika jambo analoliweza.

Tunajua jibu litakalotolewa: madarasa yamejaa, vitabu havitoshi, na mwalimu ni mmoja. Ni kweli. Mengi katika hayo tuliyoyataja hayahitaji fedha, na kwa hayo hatuna udhuru. Lakini yako yanayohitaji fedha, kama vitabu vya nukta nundu, walimu wa elimu maalumu na njia za kupitishia viti vya magurudumu. Hayo ni haki. Azimio la Salamanca la mwaka 1994 lilizitaka nchi ziwapokee watoto wote katika shule za kawaida. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Tusiruhusu wema wa mwalimu mmoja utumiwe kuficha deni ambalo nchi ilikwisha kulitia sahihi.

Hitimisho

Tulianza kwa kuuliza ni mwanafunzi yupi anayeonekana akilini mwa mwalimu usiku wa kuandaa somo. Jibu letu ni kwamba asiwe wa mchoroni, wala wa wastani, maana hao wawili hawakuandikishwa katika shule yoyote. Wazee wetu walisema: hujafa hujaumbika. Kwa kawaida methali hiyo hutolewa kama onyo, kwamba usimcheke mlemavu kwa kuwa hujui la kesho. Twaweza kuisikia pia kwa namna nyingine: kwamba hakuna mtu ambaye kuumbwa kwake kumekwisha, na kwa hiyo hakuna awezaye kusimamishwa kuwa kipimo cha wenzake. Kuumbwa huko huendelea kila siku, kwa mikono ya wazazi, ya wenzetu, ya vifaa tulivyopewa au tulivyonyimwa, na kwa saa kadhaa za kila siku ya shule huendelea mikononi mwa mwalimu.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo la kuanzia. Kila chuo cha ualimu na kitazame upya fomu yake ya kumtathmini mwanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha, kiongeze swali hili moja: ni nani katika darasa hili ambaye somo la leo halikumfikia, na mwalimu alifanya nini alipotambua hivyo? Mkaguzi atakayelijibu swali hilo kwa uaminifu atalazimika kwanza kuinua macho yake kutoka katika karatasi. Sisi tulichelewa kufanya hivyo.